Mkono wa Dresa

Dresa alinawa mikono kabla ya kushika gitaa. Hakunawa kama mtu anayekwenda kula. Alinawa mpaka viwiko kwa sabuni ya hospitali, akakausha kidole kimoja kimoja kwa kitambaa chake mwenyewe, na bendi nzima ikamsubiri. Mpiga ngoma alizoea kumwambia kwamba mgonjwa ameshalala mezani, kisu tu kinangojwa. Dresa alikikunja kitambaa. Aliketi, maana hakupenda kupiga akiwa amesimama, akaliweka gitaa pajani, akageuza kitufe cha mashine mpaka karibu na mwisho, kisha akaanza kwa mkono mwepesi kiasi kwamba ukiwa nyuma yake ungedhani anafuta vumbi kwenye nyuzi. Lakini mtu aliyesimama mlangoni mwa ukumbi alisikia kila kitu.

Mimi nilikaa kulia kwake kwa miaka mitatu, nikipiga gitaa la pili. Mchana nilikuwa fundi wa redio katika duka moja karibu na soko la Mbeya. Ufundi huo hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kuharibu. Gitaa pia nilijifundisha mwenyewe, na kila mtu aliyejifundisha kitu mwenyewe anaijua hofu yangu: kwamba kuna jambo moja dogo ambalo wenzako wote waliambiwa siku ya kwanza, na wewe hukuwepo.

Naandika habari zake nikijua sina haki ya kuziandika. Nilimtendea ubaya ambao hakuujua kwa miaka miwili, na hadi leo watu wakimsifu mbele yangu nainamisha kichwa. Nitaufikia. Kwanza nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu nikianza na ubaya wangu mtaniona mimi tu, na mimi siyo wa kutazamwa hapa.

Gitaa lake lilikuwa la umeme, la kwanza ambalo watu kama sisi tulipata kulishika Mbeya. Alirudi nalo kutoka Kopabeluti, ng'ambo ya mpaka, alikokuwa akifanya kazi katika hospitali ya mgodi wa shaba, amelifunga kwa blanketi mbili kama mtoto mchanga. Mashine ya kulikuzia sauti niliiunda mimi: redio kuukuu ya valvu, zile taa za kioo za ndani, niliyoitoa matumbo, spika kubwa, na sanduku la mbao la chai ya Mufindi ambalo liliendelea kunuka majani ya chai kila valvu zilipopata moto. Niliipa matundu mawili ya kuchomekea waya, kila moja na kitufe chake cha sauti, moja la gitaa lake na moja la langu. La kwake alilibandika kipande cha plasta ya hospitali ili asilikosee.

Mimi nilidhani mtu akishapewa nguvu anaitumia. Nilipiga nyuzi kwa kipande cha kitana nilichokikata pembe tatu, kwa nguvu zote za kiwiko, na sauti ikatoka ikipasuka kama bati linalobanduliwa na upepo. Nikashusha kitufe, nikapiga kwa nguvu zaidi. Dresa alikwenda kinyume. Aliipandisha mashine mpaka ikawa inahema yenyewe, halafu akagusa uzi kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha. Kwa kuwa mashine ilikuwa wazi namna hiyo, kila kitu kilisikika: uzi ulivyoanza, ulivyonenepa, ulivyokufa. Alipotaka sauti nene, mkono wa kulia ulisogea karibu na shingo ya gitaa. Alipotaka ikate kidogo, ulirudi nyuma inchi mbili, si zaidi. Ubavu wa kiganja ulizilalia nyuzi na kuzinyamazisha kabla hazijachosha watu. Na mkono wa kushoto haukukandamiza. Alibonyeza uzi mpaka ukutane na chuma cha shingoni, akaishia hapo hapo.

Nilimwuliza siku moja kwa nini haongezi nguvu kidogo, walau katika kiitikio. Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini hachomi sindano kwa nyundo.

“Mashine imeshasikia, Fundi,” alisema. “Ukiirudia unaitukana.”

Kilichonitesa zaidi ni mahali ambapo hakupiga kabisa. Katika wimbo mmoja wa taratibu ambao watu walipenda kuucheza wawili wawili, aliacha nafasi kabla ya kila kiitikio, nafasi ya pumzi moja, na wachezaji wote waliinua mguu wakangoja. Nilikuwa na daftari ambamo kila baada ya dansi niliandika makosa yangu, na humo nilijaribu kuichora nafasi ile. Niliipima kwa mguu, niliipima kwa saa ya dukani. Nilipoipiga mimi ilikuwa shimo tu. Watu walijikwaa ndani yake.

Nilijua nyimbo zake zote. Niliweza kuzipiga tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, na bado hazikuwa zenyewe. Yeye alinisikiliza, akawageukia wenzetu, akasema, “Fundi anapiga gitaa kama mtu anayetafuta stesheni.” Walicheka mpaka mpiga ngoma akaweka vijiti chini. Mwezi mzima kila nilipoingia mazoezini kulikuwa na mtu wa kunipigia mbinja na mikwaruzo ya redio. Nilicheka nao. Nyumbani niliyaandika maneno yale katika daftari, kwa wino.

Siku nyingine nilimwomba tubadilishane. Nilikuwa na hakika siri imo ndani ya vyombo vyake, katika zile nyuzi za Kopabeluti, katika tundu lake. Alikubali bila neno. Alishika gitaa langu, ubao wa bei rahisi niliouwekea kidaka sauti kwa mkono wangu, akachomeka waya katika tundu langu, akagusa nyuzi tatu. Ilikuwa sauti yake, ileile, nene na yenye pumzi. Mimi nikashika gitaa lake, nikachomeka penye plasta, na ukumbini kukatoka bati langu. Tulirudishiana. Mtu mwenye akili angeondoka pale amejifunza. Mimi nilirudi dukani nikaifungua mashine usiku kucha nikitafuta kilichomsaidia.

Hospitalini alikuwa dresa wa kawaida, mtu wa vidonda na sindano, chini ya daktari na chini ya wauguzi. Lakini kwenye benchi la wagonjwa hakukuwa na mtu aliyemtaka daktari. Mabibi waliotoka Uyole na Mbalizi kwa miguu walipanga foleni ya Dresa, na walipoambiwa mwenzake ana nafasi walisema hawana haraka. Katika ile kampeni ya sindano za buba, ugonjwa wa vidonda, niliona watoto wakitoka chumbani mwake wakishangaa, wamekwisha kuchomwa na bado wanangoja sindano.

Mimi mwenyewe nilikwenda kwake na kiganja kilichoungua kwa chuma cha kulehemu. Shashi ilikuwa imegandana na kidonda. Muuguzi mmoja aliyepita alisema ivutwe mara moja yaishe. Dresa aliilowanisha, akaweka mkono wangu mezani, akaanza kuniuliza habari za betri za redio: zinakaa muda gani, ni kweli ukizianika juani zinafufuka? Nilimweleza kirefu. Nilipomaliza, shashi ilikuwa kwenye bakuli na sikujua imetoka saa ngapi. Nikamwambia Mzee una dawa kwenye vidole. Alisema hana dawa yoyote, ila anajua wakati wa kutovuta.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Jumapili alasiri alicheza drafti ya vifuniko vya soda nje ya kinyozi mmoja, na huko alikuwa na sauti ya mnada. Alipiga ubao kwa ngumi, aliruka kutoka kwenye kiti, aliwasingizia watu wazima kwamba wamehamisha kete alipopiga chafya. “Mle huyo!” alimwambia mzee mmoja mpole, mkulima wa pareto aliyekuwa hasimu wake wa kila wiki. “Unamwogopea nini, ni mjomba wako?” Akishindwa alinuna mpaka Jumanne. Mtu aliyemjua kwa drafti peke yake asingeamini habari ya gitaa, na nadhani alipenda iwe hivyo.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa mpaka mchungaji alipomwambia achague kati ya meza ya Bwana na dansi. Hakubishana. Alihama benchi la mbele akakaa la nyuma kabisa, akaendelea kuja kila Jumapili, na Jumamosi akaendelea kupiga. Kwaya walisikitika, lakini kidogo tu, kwa sababu aliimba vibaya mno. Nilikaa karibu naye mara moja katika ibada ya mavuno. Sauti yake ilikwenda pembeni ya wimbo kama ng'ombe aliyeacha njia, na yeye hakuwa na habari, macho amefumba, anaimba kwa moyo wote.

Na alikuwa bahili wa sifa. Katika miaka mitatu alinisifu mara moja. Ilikuwa mazoezini, katikati ya wimbo, mkono wangu umechoka na nimesahau kujikaza. Aligeuka akasema, “Hiyo.” Neno moja. Nilisimama kupiga nikamwuliza ipi, Mzee, ipi? Akasema imeshapita. Wiki nzima niliitafuta. Nilichokifanya sikijui mpaka leo, na ninaamini kama angesema neno hilo hata mara mbili zaidi nisingefanya nilichofanya. Najua hicho ni kisingizio. Nakiandika ili mkione.

Bendi yetu ilialikwa Iringa, alasiri mbili, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili kama kibali cha boma kilivyosema. Mwenyekiti wa kamati yetu, karani wa serikali aliyevaa tai hata mazoezini, alinijia dukani akafunga mlango. Alisema ukumbi wa Iringa ni mkubwa na vijana wa huko wanataka gitaa la kuwaamsha. Alisema Dresa ni mkubwa wetu, lakini watu wazima huchoka. Akishindwa kuujaza ukumbi Jumamosi, Jumapili nitakaa mimi kwenye kiti chake, na nikikaa nimekaa.

Hakuniambia nifanye kitu. Ubaya ule ni wangu peke yangu.

Alhamisi niliifungua mashine na kulehemu rizista moja nyuma ya tundu lenye plasta. Ni kitu kidogo, mfano wa punje ya haragwe, kimepigwa mistari ya rangi, na kazi yake ni kuzuia. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mchache sana. Ukiuzuia kidogo, kinachofika kwenye spika ni mnong'ono. Kwa mtu anayepiga kwa kiwiko, kama mimi, upungufu ule ungefidiwa na nguvu. Kwa mtu anayepiga kwa nyama ya kidole, ulikuwa mwisho. Nilijua hivyo. Nilichagua kipimo chake kwa uangalifu, na kama ilivyo desturi yangu, nililehemu vizuri sana.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Dresa aliketi, akageuza kitufe mahali pake pa kawaida, akagusa. Hakikutoka kitu cha kueleweka. Akageuza mpaka mwisho. Tarumbeta ilimfunika, ngoma ilimfunika, gitaa langu lilimfunika. Watu walikuwa wema kwa nyimbo mbili, kisha wakaanza. Mmoja aliuliza kama mzee amelala. Mwingine kutoka dirishani akasema, “Mpeni uji kwanza,” na upande wote ule ukacheka. Yeye aliendelea na mkono uleule mwepesi, ila kila baada ya muda alikitazama kidole chake cha shahada kana kwamba si chake. Hakuomba tubadilishane matundu. Aliyetengeneza mashine alikuwa ameketi kando yake, na hakuwa mtu wa kumshuku fundi.

Katika wimbo wa mwisho alifanya kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwona akifanya. Alipiga kwa nguvu. Alikaza bega, akang'ang'ania nyuzi kwa kucha, na sauti iliyotoka, ile kidogo iliyotoka, ilikuwa kavu na mbaya. Watu wakashangilia.

Jumapili alinipa gitaa lake mwenyewe. “Lishike wewe,” alisema. “Mimi leo sina mkono.” Nilichomeka waya katika tundu langu na nikaujaza ukumbi. Walinibeba mabegani. Nilimwona Dresa chini, karibu na ukuta, akipiga makofi.

Tulirudi kwa lori. Kule juu Sao Hill baridi ilitufanya tubanane chini ya turubai, na Dresa alikuwa amekaa kando yangu akisugua ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, kama anayezipima. Kabla ya Makambako aliniinamia ili wenzetu wasisikie.

“Fundi, mashine ilikuwa sawa?”

“Ilikuwa sawa, Mzee.”

“Uliangalia valvu?”

“Niliangalia zote.”

Alinishukuru. Alisema ndaga, kama Wanyakyusa wanavyosema, akaniwekea upande mmoja wa blanketi yake magotini.

Jumatatu asubuhi niliitoa ile rizista. Ilichukua muda usiofika dakika moja. Jumamosi iliyofuata Dresa hakuja mazoezini, na iliyofuata pia. Alimwambia mwenyekiti gitaa libaki na bendi kwa kuwa linahitaji mtu mwenye mkono. Baadaye tukasikia ameomba uhamisho, yuko katika zahanati moja Mufindi, upande wa Igowole. Wenzangu walisema uzee. Mimi nilisema nini? Nilisema ni kweli, uzee.

Nilikaa kwenye kiti chake miaka miwili. Nilipiga gitaa lake, katika tundu lake, kwa mashine iliyo nzima, na nilisikia bati kila alasiri ya Jumamosi. Ukumbi ulishangilia. Kuna wakati nilishusha mkono, nikajaribu kugusa kama yeye, lakini kidole changu kilikuwa na wasiwasi na mashine ilikuwa wazi, kwa hiyo kilichosikika ni wasiwasi. Nikarudia kiwiko. Nilijiambia siku nitakayoipata sauti ile nitakwenda kumwambia ukweli. Yaani niliufanya ukweli nao uwe kitu cha kusubiri mpaka niwe kamili.

Nilikwenda bila kuipata. Duka lilinituma kwenye shamba la chai karibu na Igowole kutengeneza redio ya karani, nikaimaliza kabla ya saa nne, na zahanati ilikuwa njiani kurudi barabara kuu. Nyumba ya tofali, ukumbi mdogo mbele, akina mama na watoto wameketi sakafuni. Kutoka ndani mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya kukata tamaa. Nilisimama nisielewe. Katika chumba cha Dresa watoto hawakuwa wakilia hivyo.

Dresa hakuwa kwenye chumba cha sindano. Alikuwa ukumbini, kwenye meza, anaandika majina ya wagonjwa katika daftari kubwa. Aliyekuwa ndani na sindano ni kijana aliyetoka mafunzoni. Nilimwamkia, shikamoo Mzee. Alinijua mara moja, uso ukamfunguka, akaniuliza habari za mpiga ngoma, habari za mashine, kama valvu zile bado zinanuka chai. Nikamwuliza kwa nini ameketi hapa.

Alinieleza bila uchungu, kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kuzoea. Alisema mkono wake ulikwisha kule Iringa. Lisingekuwa gitaa asingejua. Mashine ile alikuwa ameipima kwa vidole vyake kwa miaka. Akigusa kiasi hiki, inasema kiasi hiki. Siku ile aligusa kiasi kilekile na haikusema kitu, na fundi mwenyewe akahakikisha ni nzima. Basi kilichopungua ni vidole. Na mtu ambaye vidole vimepungua bila yeye kuhisi hapaswi kushika sindano. Alimwambia daktari wa Mbeya mara tu aliporudi kutoka Iringa. Tangu hapo hajamchoma mtu.

Nilisimama mbele ya meza yake na wale akina mama wote wananitazama.

“Mzee,” nikasema, “mashine haikuwa sawa.”

Alikuwa katikati ya jina. Alilimaliza, akaweka kalamu.

“Ipi?”

“Ile ya Iringa. Niliweka kitu kwenye tundu lako. Kitu cha kuzuia sauti.”

“Kwenye langu tu?”

“Lako tu.”

“Kilijiweka?”

“Nilikiweka mimi, Alhamisi. Nilitaka kiti chako.”

Alitaka kujua ukubwa wake. Nilimwonyesha kwenye ncha ya kidole. Alitaka kujua kama Jumapili kilikuwemo, na kama kilikuwemo aliponiuliza kwenye lori. Nilisema kilikuwemo. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, upande wa juu, upande wa kiganja. Nilitegemea hasira ya drafti, ngumi ya mezani. Alizungumza kwa sauti ya chini ambayo ilinilazimu kuinama.

“Ule wimbo wa mwisho. Uliniona?”

“Nilikuona.”

“Nilizilazimisha nyuzi mbele za watu. Miaka miwili najiuliza yule alikuwa nani.”

Nilianza kumwomba msamaha. Nilisema nitawaambia kamati, nitawaambia wote, nitamrudishia gitaa. Alisema huku hakuna umeme. Nikaendelea, maneno yakawa mengi, nikawa natafuta stesheni tena. Aliinua kiganja nikanyamaza.

“Hujui bado ulichofanya,” alisema. “Unadhani ni gitaa.”

Ndipo akanieleza. Mwaka jana mama mmoja wa hapo mteremkoni alimleta binti yake mwenye homa kali aliyotoka nayo bondeni. Ilitakiwa sindano ya kwinini. Mama alimsihi Dresa amchome yeye, kwa kuwa alikwisha kusikia habari zake, na Dresa alimkatalia. Alimwambia mkono wake umekwisha. Kijana aliyekuwapo wakati huo, siyo huyu, akamchoma takoni, na sindano ikaupata mshipa wa fahamu wa mguu. Homa ilipona. Mguu ulipooza, haukurudi.

Aliinuka. Alimwita kijana kutoka chumba cha sindano, akampa kalamu, akamwambia aketi aandike. Kijana alidhani ni mzaha. Dresa hakurudia. Alisimama mlangoni mwa chumba kile akiwa amenipa mgongo, na nilimwuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, kama atanisamehe.

“Usiniulize mimi kwanza,” alisema. “Ile nyumba yenye mianzi, unaiona? Nenda kamwambie mama yake uliyoniambia. Yote, na kile kitu umwonyeshe ukubwa wake.”

Akaingia ndani. Nilimsikia akimwuliza mgonjwa wake habari za kuku.

Mama yule alikuwa akipukuchua mahindi uani. Nilimwamkia kwa salamu ya huko, kamwene, akaitika kamwene, akanisogezea gogo. Sikulikalia. Nilimweleza habari ya tundu na plasta na rizista, nikaona hanifuati.

“Hiyo rizista ni dawa?”

“Si dawa, mama. Ni kitu cha redio.”

“Na ulimwekea Dresa.”

“Nilimwekea. Akadhani mkono wake ni mbovu.”

Alipukuchua gunzi lote, akalitupa kwenye lundo, akachukua jingine lakini hakulianza.

“Kwa hiyo siku ile alikuwa mzima?”

“Alikuwa mzima.”

“Nilimpigia magoti,” alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anamwambia nani sijui.

Nilisema nilichokuwa nimekibeba tangu zahanati, kwamba naomba radhi, kwamba niko tayari kwa lolote. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alisema radhi siyo ya kwake kutoa, mguu si wake. Mwenye mguu amekwenda mtoni na kopo la maji, atarudi sasa hivi.

“Keti,” alisema. “Umwambie mwenyewe.”

Niliketi kwenye gogo. Njia ya kwao inatoka bondeni na haina kona, kwa hiyo nilimwona tangu chini kabisa, kopo kichwani, akianza kupanda. Ilimchukua muda mrefu kufika.